Maswali ya Wasomaji: Je, faini ya shule ni nafuu kuliko nauli ya Agosti?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu ni watu wa Mombasa na tunaishi Reading, Uingereza, pamoja na wanetu wawili: wa kiume yuko darasa la 6 na mdogo wake wa kike yuko darasa la 3. Mama yangu yuko Kisauni, umri umekwenda, na hajawatia wajukuu wake machoni kwa miaka 4 sasa. Tukisafiri wiki 2 kabla ya shule kufungwa mwezi wa Julai, nauli yetu sote inapungua kwa zaidi ya pauni 1,500. Wenzangu kazini wananiambia nilipe tu faini ya kuwatoa watoto shuleni bila ruhusa, kwani chenji itabaki. Wengine wanasema nipige simu shuleni niseme watoto wanaumwa. Shemeji yangu aliye Cardiff huomba ruhusa na hupewa. Mahudhurio ya wanangu ni mazuri, na inasemekana kuwa wiki za mwisho walimu huwawashia watoto filamu tu. Je, nikiwachukua nitakuwa nimekosea? – Mama Wawili, Reading

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndipo ulipoanzia, na kwa kuwa wanaokushauri wamekufanyia nusu yake. Shule za England hugawa siku katika vipindi viwili, asubuhi na mchana, na mtoto akikosa vipindi 10 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za masomo, suala la faini lazima lizingatiwe. Siku zako 10 ni vipindi 20, kwa hiyo usitarajie kupita bila kuonekana. Tangu Agosti 2024 kila mzazi hutozwa pauni 80 kwa kila mtoto akilipa ndani ya siku 21, na pauni 160 akilipa baada ya hapo lakini kabla ya siku 28 kwisha. Ninyi ni wazazi wawili wenye watoto wawili, hivyo ni faini 4: pauni 320 mkiwahi, 640 mkichelewa. Kwa safari moja, nakiri, chenji inabaki.

Lakini mama yako hutakwenda kumwona mara moja tu. Mkirudia ndani ya miaka 3, kila faini huanzia pauni 160 bila punguzo la kuwahi, na mara ya tatu hakuna tena faini ya kulipa kimyakimya. Hapo mambo huweza kwenda mahakamani, ambako mzazi anaweza kutozwa hadi pauni 2,500 na kutoka na hukumu ya jinai. Wengi wetu huku tunaishi kwa kazi za kutunza wazee na wagonjwa, ambazo mtu hapewi kabla rekodi yake haijakaguliwa, na wengine wana maombi ya uraia yanayouliza juu ya hukumu za aina hiyo. Pauni 1,500 ni fedha nyingi, ila sidhani kama wenzako kazini wameliweka hilo kwenye mzani.

Kuhusu mahudhurio mazuri, yuko aliyekutangulia kwa hoja hiyohiyo. Mwaka 2015 baba mmoja wa Isle of Wight, Jon Platt, alimpeleka binti yake Florida kwa siku 7 za masomo, akagoma kulipa faini. Sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mtoto ahudhurie shule kwa utaratibu wa kudumu, na Platt alisema kwamba binti yake, kwa jumla ya siku alizohudhuria, alikuwa ametimiza sharti hilo. Mahakama ya chini ilimkubalia, na Mahakama Kuu vilevile, hata magazeti yakaanza kuandika kana kwamba likizo za katikati ya muhula zimehalalishwa. Tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ikaupindua uamuzi huo kwa kauli moja: kuhudhuria kwa utaratibu ni kuhudhuria kwa kufuata kanuni za shule, wala si kwa kiwango anachojipimia mzazi. Tangu hapo hoja ya mahudhurio mazuri haina pa kusimama.

Shemeji yako naye hajavunja chochote. Cardiff iko Wales, na Wales ina kanuni zake; mwalimu mkuu wa huko bado anaweza kuruhusu hadi siku 10 kwa mwaka kwa ajili ya likizo. Huku England uwezo huo uliondolewa Septemba 2013, ikabaki ruhusa ya mambo yasiyo ya kawaida tu, na nafuu ya nauli haihesabiwi miongoni mwayo.

Ushauri wa kusema watoto wanaumwa ndio ulionikera zaidi. Binti yako atarudi darasani na piko mikononi mpaka vifundoni, nywele zimesukwa na shangazi zake, na mwalimu akimuuliza habari za homa atamsimulia madafu na kivuko cha Likoni. Mtoto wa darasa la 3 haweki siri ya safari ya ndege, na si haki kumbebesha uongo ambao wewe mwenyewe unaona haya kuusema ana kwa ana.

Sasa hizo filamu. Ni kweli kwamba katikati ya Julai masomo hulegea, yakaja mashindano ya mbio na michezo ya kuigiza, na kwa binti yako sidhani kama angepungukiwa na mengi katika hesabu au kusoma. Ninayemfikiria ni kaka yake, anayemaliza shule ya msingi. Mitihani yake ya taifa ilikwisha Mei, lakini wiki hizo mbili ndizo za kuagana na watoto aliokaa nao tangu akiwa na miaka 4 au 5. Huku wana desturi ya kuandikiana saini kwenye mashati ya shule siku ya mwisho, mgongoni, mikononi, hata kwenye kola, na shati hilo hutundikwa kabatini kwa miaka. Shule nyingi za sekondari pia huwaita wanafunzi wapya mwezi huohuo waonyeshwe madarasa na kukutana na walimu. Muulize mwanao angependa nini kabla hujakata tiketi.

Sisemi kwamba kanuni hii inawaangukia watu wote kwa uzito mmoja. Mwenye mama yake mji wa jirani humwona Jumamosi na kurudi kwake jioni, ilhali wewe unahitaji tiketi 4 na usiku mzima angani ili mama akuone, na waliotunga kanuni hawakukufikiria. Hata hivyo, tazama kalenda ya Mombasa. Mwanzoni mwa Julai watoto wa ndugu zako wako darasani. Shule za Kenya hufunga muhula wa pili mwishoni mwa Julai au mapema Agosti. Ukiwatoa wako mapema, watashinda barazani na bibi wakingoja wenzao watoke shule. (Ungekuwa mtu wa Tanga ningekwambia mengine, kwani Tanzania hufunga Juni na kufungua Julai, na kwenu Desemba ingefaa zaidi.) Ngojeni shule ifunge, mkae wiki nyingine moja au mbili ambapo kishindo cha wasafiri wa kwanza kimepungua na nauli huenda imelegea, kisha muondoke katikati ya wiki. Mtawakuta binamu nyumbani, na hapo ndipo Kiswahili cha wanao kitakapopata kazi ya kufanya, kwenye mpira na ugomvi wa watoto, kuliko kwa bibi anayewasemesha polepole kwa huruma.

Iwapo mama ataugua sana, Mungu amwepushie, jambo hilo ni tofauti kabisa. Mwandikie mwalimu mkuu kabla ya kuondoka, utaje tarehe ya kwenda na ya kurudi, na uambatishe barua ya hospitali kama ipo. Maombi ya namna hiyo husikilizwa, ingawa uamuzi ni wake. Na tiketi ya Agosti mkiinunua, itafuteni kalenda ya sekondari mpya ya kijana kwanza, kwa sababu siku yake ya kufungua inaweza isiwe sawa na ya mdogo wake.