Maji ya pampu yaelekezwe wapi?

Kaka, uliyeuliza kama mpira wa pampu unayotolea maji ya ardhini yaliyoingia nyumbani uuingize kwenye chemba ya majitaka hapo Chumbageni, Tanga: usithubutu. Bomba la majitaka lina ujazo wake, halikutengenezwa kubeba maji ya ardhini ya masika nzima. Likizidiwa, uchafu unarudi kupitia choo cha jirani aliye chini yako, na Tanga UWASA, mamlaka ya maji na majitaka, wakija kuzibua, mpira wako ndio wataufuata.

Maji yakiwa safi, yaani yale yanayobubujika toka ardhini, njia yake ni mtaro wa mvua. Lakini mitaro ya barabara za mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa hiyo pita kwanza kwa mtendaji wa mtaa, naye akuunganishe na bwana afya. Usimwage juu ya lami, wala usielekeze ukutani kwa mwenzio. Kesi za namna hiyo zinaanza kwa maneno na kuishia baraza la kata.

Sasa chota kidogo kwenye ndoo, unuse. Masika maji ya ardhini hupanda hadi shimo la choo, yakachanganyika. Yakinuka, au yana mafuta juu, mtaroni hayaendi, maana mitaro yetu inaishia baharini. Hapo ita gari la kunyonya.

Na maji ya mpira usiyamwage karibu na msingi, utakuwa unavuta maji yale yale usiku kucha huku luku inakimbia.