Uliza Tukujibu: Misitu ya Wales, kupe wa kwenye soksi na ndege anayekaa Kongo

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kuhusu msitu wa Dinas, ule wa katikati ya Wales nilioenda mwezi wa tano, basi maswali yamemiminika mpaka nimeshindwa kuyajibu yote. Nimechagua matano, mengine yanafanana kwa hiyo ukisoma la mwenzio unaweza kukuta na lako limejibiwa humo humo.

Shikamoo dada. Mi ni nesi hapa Swansea mwaka wa pili sasa, kwetu Tanga. Siku za off nalala tu au naenda maduka. Ulisema huo msitu si mbali na huku kwa gari. Nikienda nitaona nini hasa, na njia yenyewe ngumu? Naogopa kufika nikaona miti tu nikarudi.

Marahaba mdogo wangu, na pole na zamu. Kwanza nikwambie kitu, maji unayokunywa hapo Swansea kuna uwezekano mkubwa yamepita kwenye huo msitu kabla yako. Juu kidogo ya Dinas kuna bwawa la Llyn Brianne, ukuta wake mita 91 kwenda juu, ulimalizika 1972, na kazi ya bwawa ni kuachia maji kwenye mto Tywi ili yachotwe huko chini yapelekwe kwenu na miji mingine ya kusini. Kwa hiyo unaenda kusalimia mto wako.

Njia ni duara, kama kilomita 3 hivi, usidanganywe na ufupi wake, tenga masaa mawili au matatu. Unaanzia kwenye paking ndogo ya RSPB, hilo ni shirika la kulinda ndege, unapita juu ya njia ya mbao iliyoinuliwa kwenye tope, miti ya pale ni ile inayopenda kusimama majini, Wawelshi wanaiita gwern. Mbao zikilowa zinateleza vibaya sana na Wales mbao zimelowa karibu kila siku, kwa hiyo raba za mjini acha nyumbani, tafuta buti zenye meno. Halafu unafika kwenye kilima chenyewe, unakizunguka huku mto unanguruma pembeni yako, na kuna sehemu ni mawe matupu, pale itabidi utumie na mikono. Sehemu hiyo nenda taratibu tu. Juu kuna pango la Twm Siôn Cati, huyu alikuwa mtu wa Tregaron miaka ya 1500, hadithi zinasema alikuwa anawaibia matajiri na kujificha humo. Pango ni dogo, watu wamechonga majina yao kwenye mawe yake kwa miaka mingi, na kupanda mpaka pale ndo kipande kigumu kuliko vyote. Ukichoka liache, hujakosa kitu kikubwa, kikubwa kiko chini kwenye miti.

Miti yenyewe ni mialoni, wale mliosoma Biblia ya Kiswahili mnaikumbuka mialoni ya Mamre. Ya hapa ni mifupi, imepinda, na kwa sababu ya mvua kila tawi limevaa zulia la kijani, ukiliweka kiganja linabonyea kama sponji halafu mkono unatoka umelowa. Juu ya zulia kangaga zimeota, zimening'inia hewani kabisa. Huo ni msitu wa mvua kweli, ila wa baridi, na aina hii imebaki kidogo sana duniani.

Sasa ndege. Kuna kadogo kanaitwa gwybedog brith, dume ni jeusi mgongoni na jeupe tumboni, kanakuja mwezi wa nne kutoka Afrika Magharibi, pande za Ghana na Ivory Coast. Nilikaa kwenye jiwe kama hatua kumi kutoka kwenye boksi la mbao walilotundikiwa, dakika tano hakuna kitu, dakika kumi hakuna kitu, nikaanza kusikia baridi, halafu kakatua kwenye tawi na kiwavi cha kijani kinajipinda mdomoni, kakaniangalia, kakatikisa bawa moja, moja tu, kisha kakazama tunduni na ndani vifaranga vikalipuka kwa kelele. Kakatoka na kinyesi cha mtoto kimefungwa kama kifurushi cheupe, kakaenda kukitupa mbali. Baada ya dakika kama mbili karudi na kiwavi kingine. Nilikaa pale lisaa limoja sikumbuki hata simu iko wapi.

Kwa hiyo jibu la hofu yako ni hilo mdogo wangu, anayetembea haraka ndo anaona miti tu. Kaa chini. Na sikiliza, kuna mwingine wa rangi ya manjano na kijani, huyo humwoni kirahisi ila wimbo wake ni kama cherehani ya fundi, inaanza polepole tik, tik, tik halafu inakimbia mpaka mwisho wa mshono. Nenda kati ya mwisho wa mwezi wa nne na katikati ya wa sita. Mwezi wa nane msitu unakuwa kimya, ndege wengi wameshaacha kuimba na wengine wameshaondoka.

Kaka wa Cardiff anauliza: nina watoto wawili, miaka sita na tisa, wanataka kwenda msituni ila mama yao anasema kuna nyoka na wanyama. Ni kweli? Na wapi karibu?

Mwambie shemeji mbwa mwitu waliisha huku zamani sana, na chui hakuna. Nyoka mwenye sumu yupo mmoja tu, gwiber, ana mstari wa zigizaga mgongoni, anaota jua kwenye nyasi kavu na akisikia miguu yenu anaondoka zake. Mtu wa mwisho kufa Uingereza kwa kung'atwa naye ilikuwa 1975. Mtoto asimshike tu, na akiumwa ni hospitali moja kwa moja.

Mnyama wa kumwogopa ni kupe. Yaani kale kadudu kadogo, kakiwa kachanga ni kama mbegu ya mchicha, kanapanda kutoka kwenye majani marefu na kangaga. Wengine wanabeba ugonjwa wa Lyme. Vaeni suruali ndefu, ichomekeni kwenye soksi hata kama haipendezi, na mkirudi nyumbani vueni watoto mkague nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kwenye nywele, nywele zetu zinawaficha vizuri kwa hiyo pitisha vidole taratibu. Ukimkuta mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta juu moja kwa moja bila kumminya, usimpake mafuta wala usimchome na kiberiti kama wanavyofanya wengine. Andika tarehe. Ikitokea ndani ya wiki kadhaa duara jekundu linalopanuka au homa kama mafua, nenda kwa daktari na useme kabisa kwamba aling'atwa na kupe. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu hauonekani wazi kama kwenye picha za mitandaoni, kwa hiyo angalia doa linalokua hata kama rangi yake ni ya kahawia au zambarau.

Pa kwenda ni Fforest Fawr, juu ya Tongwynlais, hapo hapo mlangoni kwenu. Kuna ngome ya Castell Coch ambayo watoto wataipenda, na njia za msituni zinaanzia pembeni yake.

Sasa dada, mimi ni mwanafunzi hapa Bangor kutoka Nakuru, gari sina na pesa ni ya kuhesabu. Nataka kuona kindi wekundu, na pia msitu mkubwa. Naweza kufika kwa basi ama treni?

Poa sana mdogo wangu, umekaa mahali pazuri kuliko sisi wote. Kindi mwekundu yuko kisiwani hapo ng'ambo, Ynys Môn. Panda basi ya kwenda Llangefni, ukishuka uliza Nant y Pandy, ni msitu mdogo kwenye bonde katikati ya mji, una njia ya mbao kando ya mto. Nenda asubuhi mapema. Angalia juu, na sikiliza maganda yakidondoka. Mwaka 1998 kindi hawa walikuwa wamebaki karibu 40 kisiwa kizima, kwa sababu kindi wa kijivu waliotoka Marekani waliwaletea ugonjwa wa ndui ambao wao wenyewe hauwaui, basi watu wakafanya kazi ya miaka na miaka kuwaondoa wale wa kijivu na leo wekundu wamerudi kwa mamia. Bara kuna msaada mwingine, bele, mnyama wa ukoo wa kicheche anayepanda miti, waliletwa 51 kutoka Scotland kati ya 2015 na 2017 wakaachiwa katikati ya Wales, na huyo kindi wa kijivu ni mlo wake. Ila bele humwoni, anatembea usiku.

Msitu mkubwa panda treni mpaka Llandudno Junction, badilisha, shuka Betws-y-Coed, jina lenyewe maana yake ni nyumba ya sala msituni. Msitu wa Gwydir unaanza ukishavuka barabara. Nyuma ya kanisa kijijini kuna njia inayopanda mpaka ziwa la Llyn Elsi, ni mlima ila wewe bado kijana, utapanda tu. Sehemu nyingi ni misonobari ya kupandwa, mistari mistari, giza chini, mtu wa Tanzania angedhani yuko Sao Hill. Baada ya vita ya kwanza ya dunia mbao ziliwaishia wakaunda Tume ya Misitu 1919 wakapanda kila mahali. Mimi ile misitu ya mistari siipendi sana, ndege wachache. Tafuta vipande vyenye mialoni na mito. Angalia ratiba ya treni ya kurudi kabla hujaondoka maana ni chache, na mwezi wa kumi na mbili saa kumi na robo jioni jua limezama.

Mzee mmoja wa Wrexham ameandika kwamba alikuwa anatembea kwenye njia ya shambani kuelekea msituni, mtu akamsimamisha akamuuliza anatafuta nini, akageuza akarudi nyumbani. Anauliza kama ana ruhusa kweli.

Shikamoo baba. Nimeisoma barua yako mara tatu na imeniuma. Ruhusa unayo. Ukiona mshale wa njano kwenye kigingi au maneno llwybr cyhoeddus, hiyo ni njia ya umma ya waenda kwa miguu, hata kama inapita katikati ya shamba la mtu. Mshale wa buluu ni wa miguu, farasi na baiskeli. Juu ya hapo kuna sheria ya mwaka 2000 iliyoanza kutumika kikamilifu Wales 2005, inayokuruhusu kutembea kwa miguu kwenye maeneo mengi ya wazi na sehemu kubwa ya misitu ya serikali bila hata kufuata njia. Funga mageti kama ulivyoyakuta, pita mbali na ng'ombe wenye ndama, basi, huna deni na mtu. Ukikutana na mtu sema bore da, yaani habari za asubuhi kwa Kiwelshi, kabla hajakuuliza, mimi nimeona mara nyingi uso unafunguka pale pale. Ila hata usiposema, njia ni yako.

Ukikuta njia imefungwa na miti imekatwa usidhani ni wewe, tangu 2010 kuna ugonjwa umeshambulia miti ya lachi Wales na wanaikata kwa wingi. Fuata bango la njia ya kuzunguka, na usafishe tope kwenye buti ukitoka.

Jambo yaya. Miye ni mutu wa Kindu, sasa niko Newport. Muzee moja jirani yangu aliniambia kuna ndege ya hapa Wales inaendaka kwetu Kongo wakati wa baridi. Ni kweli ao alikuwa ananicheka? Na nitaionea wapi?

Jambo ndugu yangu, jirani yako hakukucheka hata kidogo. Huyo ni kekeo, Kiwelshi cog, wa kijivu, mkubwa kidogo kuliko njiwa mdogo, anaimba jina lake, ku-ku, ku-ku. Mwaka 2011 wataalamu wa ndege wa Uingereza walianza kuwafunga vifaa vya gramu 5 vinavyowasiliana na setilaiti, na mwaka uliofuata wakawafunga na wa Wales. Ndo ikajulikana wanavuka bahari, wanavuka Sahara, wanaenda kukaa kwenye msitu wa bonde la Kongo. Wales anakaa kama miezi miwili tu, anafika mwisho wa mwezi wa nne na kuna wanaoondoka mwezi wa sita. Jike anataga kwenye kiota cha ndege mwingine mdogo na kuondoka, yule mtoto analelewa na watu baki, halafu anakua na kuruka peke yake mpaka Kongo bila mtu wa kumwonyesha.

Na jambo moja huenda jirani hakukwambia, huko kwenu karibu haimbi kabisa. Anakaa kimya msituni anakula viwavi. Ndo maana hata kama kule amewahi kukaa juu ya kichwa chako hukumjua.

Kumsikia nenda mwanzo wa mwezi wa tano, alfajiri, pande za Tregaron au hapo Dinas nilipokuwa namwelekeza nesi wetu, simama pale msitu unapoishia na milima ya nyasi inapoanza, maana anapenda mipaka hiyo. Chini utakuta sakafu yote ya msitu ina maua ya buluu yameinama, usiyakanyage, yakikanyagwa yanachukua miaka kurudi. Wawelshi wanayaita clychau'r gog, yaani kengele za kekeo, kwa kuwa yanachanua wakati anapofika kutoka kwenu. Ukimsikia niandikie, niambie ilikuwa saa ngapi.