Siku zisizo na samaki kwenye ripoti

Ndugu yangu, ripoti yako ya kilo za samaki wanaopokelewa hapo Lamu inaruka tarehe kwa sababu GROUP BY, amri ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) inayopanga mistari kwa makundi, hukusanya mistari iliyopo tu. Kusi likivuma na mashua zisitoke, hakuna kinachoandikwa, basi hata kundi la siku hiyo halipo.

Anza na tarehe zote, kisha uliunganishe jedwali lako nazo. Kwa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, generate_series huzalisha tarehe, LEFT JOIN hubakiza hata zisizo na samaki, na COALESCE huweka 0 pasipo na kitu:

SELECT k.siku::date, COALESCE(SUM(m.kilo), 0) AS jumla
FROM generate_series(DATE '2024-07-01', DATE '2024-07-31', INTERVAL '1 day') AS k(siku)
LEFT JOIN mapokezi m ON m.tarehe = k.siku AND m.gati = 'Lamu'
GROUP BY k.siku ORDER BY k.siku;

Tazama vizuri sharti la gati: limekaa kwenye ON, yaani masharti ya kuunganisha. Ukilihamishia WHERE, inayochuja baada ya kuunganisha, siku tupu zina NULL (yaani hakuna thamani) pale kwenye gati, zitachujwa zote, na utarudi palepale. Wengi hukwama hapa. Na ukitaka idadi ya mashua, andika COUNT(m.id), maana COUNT(*) huhesabu hata mstari wa tarehe tupu, itakupa 1 siku ambayo haikufika hata moja.

MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, haina generate_series. Toleo la 8 linakubali WITH RECURSIVE, inayoweza kuzalisha tarehe hizo, ingawa mimi ningetengeneza jedwali la kalenda lenye tarehe zote nimalize.

Ila uwe mwangalifu na hiyo 0. Kama karani hakuja kazini na samaki walishushwa, 0 ni uongo kwa wavuvi. Siku kama hizo ziwekee alama yake, zibaki NULL.