Usipige starta kwanza: kuisikiliza injini iliyopita majini

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa magari makubwa, mvua za huku Mbeya zikishaanza Novemba mtaletewa gari nyingi zenye lalamiko moja: "Fundi, nimepita kwenye maji, sasa injini inapiga kelele." Zitatoka Usangu na mpunga, Kyela na kokoa, Mufindi na mbao. Kabla hujashika spana, muulize dereva swali moja, tena umwangalie usoni akijibu: injini ilizima yenyewe ndani ya maji, uliizima wewe, au haikuzima kabisa?

Akisema ilizima yenyewe, funguo tia mfukoni mwako. Utingo asiguse starta, na jirani mwenye roho nzuri asije na mnyororo kuivuta kwa gia. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Chukua injini ya dizeli ya lita 4 yenye silinda 4. Kila silinda inavuta lita 1 ya hewa, na kama kompresheni yake (kiasi inavyoibana hewa) ni 17 kwa 1, pistoni ikifika juu kabisa inabaki nafasi ya mililita 62 hivi. Hicho ni kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Maji yakizidi hapo pistoni inagota, na kama krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, bado inazunguka kwa nguvu, kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Fungua ekleana, lile kopo la kuchujia hewa ya injini. Filta ya karatasi ikiwa imelowa au imekunjamana, amini filta kuliko maneno. Simaanishi kwamba madereva ni waongo. Wengi kweli hawakuona maji yakiingia. Kwenye hizi gari ambazo kichwa kinainuliwa, bomba la hewa limepandishwa juu nyuma ya kabini, dereva analiona liko salama na moyo wake unatulia. Lakini chini yake kuna raba yenye mikunjo, pale bomba la kichwani linapokutana na la kwenye chasisi kila kichwa kinaposhushwa. Raba hiyo ikichanika, injini inavuta hewa pale pale chini, na kwenye korongo inavuta maji. Inua kichwa, pitisha kidole kwenye mikunjo yote kwa ndani. Ukigusa tope, umeshajua maji yalipopita.

Filta ikiwa imelowa, toa nozeli zote (zile zinazopulizia dizeli kwenye silinda), kisha zungusha krenki kwa spana kwenye puli, kwa mkono, mizunguko 2 kamili. Ikizunguka bila kugota ndipo upige starta, na wote wakae mbali na matundu ya nozeli, maana maji yanaruka kwa nguvu. Kwenye oili usiishie kuangalia dipstiki kama kuna rangi ya chai ya maziwa. Acha gari itulie usiku mzima, asubuhi legeza nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwemo yatatangulia kudondoka.

Kelele za nje ya injini hazinipi shida na zisikupe wewe. Mlio wa kusaga juu juu ukiusikia, toa mikanda yote, washa kwa nusu dakika tu, kwa sababu pampu ya maji nayo imesimama. Mlio ukipotea, tafuta kwenye beringi za altaneta, za pampu ya maji au za kikaza mkanda. Angalia pia panga za feni: zikikutana na maji zinapindia mbele na kukwangua rejeta. Mlio unaobadilika ukikanyaga klachi uko kwenye beringi ya klachi.

Inayoumiza watu ni ile kelele ya ndani inayokuja pole pole. Msimu mmoja nililetewa Canter iliyovuka korongo huko Usangu. Ilikuwa imepita gereji mbili, nozeli zimenunuliwa mpya, pampu imepelekwa kupimwa, na mwenye gari ameuza magunia ya mpunga kulipia vyote hivyo. Kelele ipo pale pale. Dereva, kijana mpole, akaniambia kitu ambacho hakuna aliyekitilia maanani: "Mzee, ikilala Kyela asubuhi inawaka vizuri tu. Ikilala hapa Uyole inapiga misi, inatoa moshi mweupe na kugonga, mpaka ishike moto ndiyo inanyamaza."

Maneno yale yalikuwa na jibu lote. Dizeli haiwashwi kwa cheche, inawashwa na joto la hewa iliyobanwa. Kyela iko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari na kuna joto. Uyole ni zaidi ya mita 1,700, asubuhi baridi kali na hewa nyepesi. Silinda iliyopungukiwa kompresheni kidogo inajificha Kyela, ikipanda Uyole inaumbuka.

Kwanza nililegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Nilipofika ya tatu kugonga kukapungua. (Msijaribu hivyo kwenye injini za komonireli, zile ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa. Presha yake inapita bar 1,000 na dizeli inapenya ngozi ya mkono.) Kisha tukatoa nozeli, nikachukua waya mgumu mnyoofu, juu nimeukunja usije ukatumbukia, nikaupima kila pistoni ilipofika mwisho wa kupanda. Alama tatu zilikuwa sawa. Silinda ya tatu waya ulizama milimita 2 zaidi. Pistoni ilikuwa haifiki ilipotakiwa kufika.

Tulipofungua hedi, ule mkanda mweusi wa masizi juu ya silinda ya tatu ulikuwa mpana kuliko wa wenzake. Konrodi tukailaza juu ya kioo pamoja na nyingine. Ile nzima ilitulia. Hii ya silinda ya tatu ukiigusa upande mmoja inainuka upande wa pili: imepinda. Iliniuma sana, kwa sababu nozeli za zamani mwenye gari alikuwa nazo bado kwenye mfuko, nikazipima, zilikuwa nzima.

Kuna kelele nyingine dereva atakuja nayo wiki mbili baadaye akisema ni ya injini, kumbe ni difu, ile gia ya katikati ya ekseli ya nyuma. Difu ikiwa ya moto ikazama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia breza (kitundu chake cha kupumulia) au oili sili. Oili inageuka nyeupe, beringi zinaanza kuimba. Ukizima injini gari ikiwa inateremka polepole kwenye uwanja wa gereji na mlio ukaendelea, siyo injini. Kwa hiyo gari yoyote iliyozama mpaka kwenye ekseli, legeza nati ya difu na ya giaboksi siku hiyo hiyo uone rangi. Fungua na ngoma za breki utoe kokoto na tope, hasa kama kesho yake inapakia mzigo wa kushuka Kitonga.