Ngoma haikuwafaa watumishi wetu. Tujaribu nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi kiongozi wa kituo cha afya wilayani Kilwa, tuko watumishi 12. Mvua zilipokata barabara, wengine walikaa kazini siku tatu bila kupokewa zamu, na katikati ya hayo tukafiwa na mama mjamzito. Tulisikia sanaa husaidia, tukaandaa sindimba Ijumaa jioni. Walikuja wanne, mmoja akalia akaondoka. Tulikosea wapi?

JIBU: Marahaba, na poleni kwa msiba. Sindimba inataka nguvu za mwili na macho ya watazamaji. Aliyetoka kukesha leba, msiba ungali mbichi, huona kama anaamrishwa kushangilia, tena kwa muda wake wa nyumbani. Mtu huyo anafaa apewe kazi ya mikono isiyo na mashindano, inayoweza kuachwa katikati mgonjwa akifika, na isiyomdai maneno. Kwenu pwani kazi hiyo ipo: kusuka ukili, yaani ukanda mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka.

Tengeni dakika 20 wakati wa makabidhiano ya zamu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 6. Ziwe ndani ya saa za kazi, kwa idhini ya mganga mfawidhi, na wodi isiachwe tupu. Nunueni miyaa, yaani majani ya kusukia, iliyokwisha kukaushwa na kuchanwa. Kila mtu awe na kicha chake kwenye mfuko wake. Nusu saa kabla, inyunyizieni maji na kuifunga kwenye kitambaa kibichi. Miyaa mikavu hukatika kwenye mkunjo, na iliyolowa kupita kiasi husinyaa ikikauka, ukili ukabaki na matundu. Anzeni na ukili mwembamba. Mwalimu awe mama wa mtaani anayesuka, alipwe, asiwe mtumishi: hapo daktari na mfanya usafi wote ni wanafunzi, na vyeo hupungua uzito bila hotuba. Wiki ya mwisho vipande vyote vishonwe kuwa mkeka mmoja.

Wanaume wengine watasema kusuka ni kazi ya kike. Msibishane nao, wapeni uzi na sindano ya nyavu, faida ni ileile.

Dakika tatu za mwisho imbeni wimbo wa kupokezana. Anayeimba kifungu kirefu hulazimika kutoa pumzi polepole, na pumzi hiyo ndefu hupunguza mapigo ya moyo. Anzeni kwa mwendo wa kawaida mmalizie polepole. Mkifanya kinyume watu watatoka wakiwa wamechemka. Kwa kuwa mna Waislamu na Wakristo, nyimbo za kazi ni salama kuliko kaswida au kwaya. Za unyago muwaachie wenyewe, maana kikundi kina wanaume na wasiochezwa unyago.

Jambo linaloharibu vikao hivi kuliko yote ni agizo la «chora tukio lililokuumiza». Tafiti za kikao kimoja cha kumtaka mtu asimulie yaliyompata mara tu baada ya janga hazikuonyesha kwamba kinazuia madhara ya baadaye, na katika baadhi yake waliosimulia walibaki vibaya zaidi. Anayetaka kusema atasema mwenyewe, mikono ikiwa kazini. Yanayofuata kwa kuharibu ni picha za kundi la WhatsApp, daftari la mahudhurio, na mkuu anayepita kusifu ukili wa fulani. Vyote vitatu viacheni.

Mtu akilia, kazi isisimame. Mmoja aliyepangwa tangu mwanzo atoke naye kivulini, ampe maji, asimhoji, arudi akipenda. Asiyelala kwa wiki mbili, au aliyeanza kunywa pombe ili apate usingizi, aunganishwe na mratibu wa afya ya akili wa wilaya. Anayetaja kujiua asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo.

Kukiwa na mlipuko wa kipindupindu, simamisheni mkeka wa pamoja. Klorini ya asilimia 0.5 hufaa sakafu na meza; ukili una mianya mingi, hausafishiki hivyo. Tumieni karatasi na penseli za rangi, kila mtu na zake. Homa ya mgunda (leptospirosis), kama ile ya wilayani Ruangwa mwaka 2022, ni habari nyingine: chanzo chake ni mkojo wa wanyama na ni nadra kupita kati ya watu, kwa hiyo kusuka kunaweza kuendelea, ila miyaa iwekwe mahali panya hawafiki.

Kupima, tumieni maswali matano ya WHO-5, kipimo cha Shirika la Afya Duniani cha hali njema ya mtu, bila majina, wiki ya kwanza na ya sita. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla 25. Iliyo chini ya 13 inataka kuangaliwa zaidi. Alama zikibaki chini kwa wengi, rudini kwenye ratiba ya zamu kabla ya kulaumu ukili. Hakuna ufundi unaolipa usingizi wa siku tatu, na mpango wa nani atampokea nani barabara ikikatika uandikwe kabla ya masika.

Mkeka ukiisha, utandikeni chumba cha mapumziko cha watumishi. Msimzawadie mgeni rasmi.