Jibu: Wanajamii wamesita kuendelea kurekodiwa

Salaam ndugu muuliza swali. Kama nimekuelewa vyema, kikundi chenu kimerekodi mahojiano ya filamu ya kozi, wahusika sasa wanasita kuendelea, na zimebaki wiki chache tu kabla ya kukabidhi kazi.

Kabla ya kumshawishi yeyote, zikagueni fomu za ridhaa: je, zinaeleza filamu itaoneshwa wapi, na mtu akibadili mawazo afanye nini? Kikundi chetu nacho kilipotengeneza filamu, fomu yetu ilisema tu "kwa matumizi ya masomo", na mama mmoja aliyetusimulia habari za ndoa yake akaja kugundua kwamba tulikusudia kuiweka mtandaoni. Alikuwa na kila haki ya kukasirika.

Kilichotunusuru ni kuwapelekea wahusika wetu rasimu ya filamu, ingawa sauti yake ilikuwa mbovu, tukaketi nao na kuisimamisha kila mmoja wao aliponyanyua mkono. Njia hii si ngeni: mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, mwongozaji Colin Low aliwaonesha wakazi filamu zao kwanza kabla hazijapelekwa kwa watu wa nje. Sisi tulikata dakika nne, ikiwemo picha niliyoipenda kuliko zote, lakini yule mama ndiye aliyetupeleka baadaye kwa jirani zake.

Mwombeni mhadhiri muda wa ziada mapema, na mkubaliane kwa maandishi nani atakayebaki na picha ghafi, yaani zile ambazo hazijahaririwa. Suala la hakimiliki lipelekeni kwa ofisi ya sheria ya chuo, kwani mimi si mwanasheria.