Gereji ya Nyumbani: Amperi 300 za Boksi, Soketi ya 13

SWALI: Shikamooni mafundi. Nina Corolla ya 1998. Ukingo wa chini ya milango umeliwa na kutu, na sakafu upande wa dereva ina tundu la kupita kidole. Nataka kujifunza kuchomelea mwenyewe nyumbani. Dukani nimeoneshwa mashine mbili: ya rodi, boksi limeandikwa amperi 300, na ya waya ya amperi 140, ambayo ni ghali zaidi. Umeme wangu ni wa LUKU, fezi moja. Nichukue ipi? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Marahaba. Chukua ya waya, na hiyo 300 isikutie tamaa. Piga hesabu mwenyewe: rodi ikiwaka kwa amperi 300 huhitaji volti 32 hivi, yaani wati 9,600. Ukigawa kwa volti 230 za ukutani, unapata karibu amperi 42, hapo mashine haijapoteza chochote. Plagi ya soketi yako ina fyuzi ya amperi 13. Namba ya boksi ni ya kuuzia.

Kinachoamua ni unene wa chuma. Bati la bodi ya gari ni milimita 0.7 hadi 0.9. Rodi ya milimita 2.5, ambayo ndiyo utakayoikuta kila duka, hutaka amperi 60 hadi 90. Moto huo ukitua kwenye bati lililokwisha kuliwa na kutu, linatoboka kabla hujahesabu tatu, na ukiziba tundu hilo unafungua jingine kando yake. Rodi za milimita 1.6 zipo, ila mkono usiozoea huzigandisha kila zinapogusa. Mashine ya rodi ni nzuri kwa mageti na madirisha. Kwa bodi ya gari, hata fundi mzoefu hulalamika.

Ukiwa dukani usiulize mashine inapanda hadi ngapi. Uliza inashuka hadi ngapi: iteremke mpaka amperi 30. Fungua ubavu wake uone kama roli ya kusukuma waya ina mfereji wa milimita 0.6, na kama nyaya za chanya na hasi zinaweza kubadilishwa. Soma pia asilimia ya muda wa kazi. "20% kwa 140" maana yake ni dakika mbili za kuchomelea na nane za kupumzika katika kila kumi. Viwanda vingine hupima hayo kwenye nyuzi joto 20 au 25, na mchana wa Mtwara si huo. Kwa bodi lakini usihofu, utatumia amperi 40 hadi 60 kwa vipande vya sekunde moja moja, na soketi yako itaimudu. Waya wa kurefushia umeme uwe mfupi, wa milimita mraba 2.5, na ukunjuliwe wote. Ukibaki umeviringishwa utachemka.

Kabla ya kulipa, ulizia mjini ni nani anayejaza mitungi ya gesi ya kukinga mshono. Kaboni dayoksaidi tupu inatosha, ingawa hurusha cheche kuliko iliyochanganywa na agoni. Fungua lita 8 hadi 12 kwa dakika. Upepo wa kusi huipeperusha gesi na kukuachia mshono wenye matundu kama mkate wa kumimina, kwa hiyo funga turubai upande unakotoka upepo, pengine pote pawe wazi ili moshi utoke.

Anza na boneti bovu, usianze na gari. Kata kutu yote mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha ng'arisha kwa grenda sentimita tatu kuzunguka tundu na mahali pa kubana klempu ya ethi, kile kibanio cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine. Klempu ikikaa juu ya rangi, moto utakuwa unakatika-katika na utailaumu mashine bure. Piga doti moja, ruka sentimita tatu, piga nyingine, halafu rudi kujaza katikati bati likishapoa kiasi cha kugusika. Ukivuta mshono mmoja mrefu, bati litajikunja kama karatasi iliyolowa, na hakuna puti itakayolificha.

Chomoa waya hasi wa betri. Ng'oa zulia, kisha chungulia chini: mabomba ya breki na ya petroli hupita huko. Kinyago kiwe na kioo namba 10, nguo za pamba, ndoo ya maji karibu. Ukitazama moto bila kioo, usiku macho yatakuwasha kama yametiwa mchanga.

SWALI: Nimenunua mashine ya waya usiotumia gesi. Inarusha cheche ovyo, na mshono unakaa juu ya chuma kama umebandikwa. Waya nao umeanza kuota kutu. (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Fungua ubavu. Tunaamini tochi yako, yaani mkono unaotoa waya, imefungwa kwenye chanya, kama inavyotakiwa kwa waya wa gesi. Waya wenye unga ndani, usiotumia gesi, hutaka tochi kwenye hasi na klempu kwenye chanya. Geuza, kisha jaribu tena kwenye chuma cha milimita 1.5. Jua pia kwamba waya huo una moto mkali. Kwa bati la 0.8 ni doti tu. Kuhusu kutu, ni hewa ya bahari. Ukimaliza kazi toa roli ya waya, itie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Waya wenye kutu hukwama kwenye ncha ya shaba, nao ukikwama hujifunga fundo huko nyuma kwenye roli ya kusukuma.

SWALI: Chesisi ya pikapu ya kubebea korosho imepasuka karibu na springi. Mashine ndogo ya waya inafaa? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Hapana. Mshono wake utaonekana mzuri juu na ndani haujashika, utaachia siku gari limejaa magunia. Shusha mzigo, peleka kwa fundi wa chesisi.